Tumewaasili watoto wawili Texas: masomo ya nyumbani tuyaanzeje?

MamaWawili_Houston
Habari zenu ndugu. Mahakama imetupa amri ya kuwaasili watoto wawili waliokuwa kwenye malezi ya kambo ya serikali, wa kike miaka 7 na wa kiume miaka 10. Wamehamishwa shule mara nyingi. Mkubwa anasoma kwa kubahatisha, na akiona karatasi ya hesabu anajifungia chooni. Mdogo ana mpango wa elimu maalumu, ule wanaouita IEP, kwa ajili ya matamshi. Tunataka kuwasomesha nyumbani kuanzia Januari. Sheria ya hapa inadai nini? Siku iwe na saa ngapi? Vitabu nianzie darasa lipi? Sisi nyumbani ni Kiswahili, wao wanajua Kiingereza tu.

Mwalimu_Irving
Hongereni sana, Mungu awakuzie. Mimi nianze na makaratasi, kwa kuwa ndiko matatizo ya mapema yanakotokea.

Texas inaihesabu elimu ya nyumbani kuwa shule binafsi, na Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha hivyo mwaka 1994 katika kesi ya Leeper. Huombi leseni, hujiandikishi popote, na hudaiwi cheti cha ualimu. Unachodaiwa ni mtaala wa kweli unaoonekana (vitabu, madaftari au video) wenye kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Idadi ya saa na siku haikupangwa.

Shuleni peleka barua fupi: jina la mtoto, tarehe ya kuacha, sentensi moja kwamba atasomeshwa nyumbani kwa mtaala wenye masomo hayo matano, kisha sahihi na tarehe. Itume kwa barua pepe kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mshauri wa wanafunzi, na uitunze. Ifike kabla mtoto hajaacha kwenda. Ukimbakiza nyumbani tu kimyakimya, mfumo wa mahudhurio unamwandika mtoro na barua za onyo zinaanza kuja.

Kabla ya hiyo, omba kwa maandishi jalada lote: alama, IEP, ripoti kamili ya tathmini na kadi ya chanjo. Sheria ya shirikisho inaipa shule hadi siku 45 kukuonyesha, kwa hiyo usingoje Januari. Taja jina la zamani na jipya na uambatanishe amri ya mahakama, maana jina likibadilika jalada la nyuma halionekani kirahisi. Idara ya watoto nayo huwa na kabrasha la elimu la kila mtoto. Liulizie kwa afisa wenu kabla hajafunga kesi.

Mkataba wa msaada wa kuasili (makubaliano yenu na serikali ya kusaidiwa kumlea mtoto mliyemwasili) uweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Texas inawasamehe karo ya vyuo vya umma watoto walioasiliwa chini ya mkataba huo, na miaka kumi ijayo mtaulizwa karatasi.

Kwa msomaji ambaye amri yake bado haijatoka: mwenye mamlaka bado ni idara. Usimtoe mtoto shuleni bila ruhusa ya maandishi.

Bi_Nasra
Mama, usinunue boksi zima la darasa la tano kwa sababu tu ana miaka 10. Mtoto aliyehamahama ana mapengo yasiyofuata mpangilio. Anaweza kujua sehemu, kama nusu na robo, na asijue kukopa kwenye kutoa.

Mpime bila kumtangazia kuwa unampima. Kaeni kwenye kochi, akusomee maneno 100 ya kitabu cha hadithi. Makosa matano au pungufu, anaweza kukisoma mwenyewe. Sita hadi kumi, someni pamoja. Zaidi ya hapo, tafuta chepesi zaidi. Angalia na aina ya kosa: akisoma "horse" palipoandikwa "house", anatazama mwanzo na mwisho wa neno, katikati anajaza. Huyo mrudishe kwenye sauti za herufi, irabu fupi kwanza, halafu jozi kama ea na ou, dakika 10 hadi 15 kila siku. Chagua vitabu vyepesi ambavyo picha zake si za watoto wachanga. Kijana wa miaka 10 akiona dubu na puto anajua ameshushwa, na atakataa.

Hesabu ianze bila karatasi. Weka maharage na vikombe, kila kikombe maharage kumi. 42 kutoa 17: vikombe vinne na maharage mawili pembeni. Atoe saba, hayatoshi. Mwache atafute njia, mpaka amimine kikombe kimoja mezani apate kumi na mbili. Hapo kukopa amekuona kwa macho. Karatasi ije akishafanya hivyo kwa siku kadhaa, maswali matatu tu kwa ukurasa.

Kiswahili kipitie masikioni: salamu, mambo ya jikoni, nyimbo. Usimfundishe kusoma lugha mbili kwa mpigo wakati Kiingereza bado kinayumba. Irabu zetu hazibadiliki sauti, za Kiingereza hubadilika kila mara, na anayebahatisha atavuruga zote. Na shikamoo wazizoee kwa kuwasikia ninyi. Wasisimamishwe mbele ya wageni kujaribiwa.

Jumbe_FW
Naunga mkono hayo, ila kwenye Januari natofautiana. Msianze na ratiba kamili. Wiki nne hadi nane za mwanzo ziwe za saa zisizobadilika za kula, kulala na kutoka nje, mkiwasomea hadithi kwa sauti. Baadaye saa moja kwa mdogo, saa moja na nusu hadi mbili kwa mkubwa, vipande vifupi. Karyn Purvis na David Cross wa Texas Christian University, hapa Fort Worth, waliweka kanuni ya chakula kidogo, maji na mwili kuchangamka kila saa mbili. Ifuateni. Mtoto aliyewahi kukosa chakula hawezi kusikiliza somo huku anawaza atakula lini, kwa hiyo awe na kikapu chake cha kujichukulia.

Mdogo mkimtoa shuleni, tiba ya matamshi ya IEP haina uhakika tena. Wenye msaada wa kuasili kwa kawaida hubaki na Medicaid, bima ya afya ya serikali. Tafuteni mtaalamu kwa njia hiyo sasa, foleni ni ndefu, na barua ya kuacha ingoje mpaka miadi ipatikane. Hata kumbakiza shuleni mpaka Mei si kushindwa, hasa kama mwalimu wake ndiye mtu mzima pekee ambaye hakubadilika.

Pia pitia mtaala kabla yao. Zoezi la mti wa ukoo au "leta picha yako ya utotoni" liondoe.

MamaWawili_Houston
Asanteni mno. Na akijifungia chooni katikati ya somo?

Bi_Nasra
Usigonge, usihesabu moja mbili tatu. Kaa sakafuni nje ya mlango, sema mara moja kwa sauti ya chini: "Nipo hapa, kazi imekwisha kwa sasa." Kisha nyamaza. Akitoka mpe maji na kitu cha kutafuna kigumu kidogo, karoti au bisi, mtembee nje dakika kumi. Mkirudi afanye swali moja analoliweza kabisa, ufunge daftari. Andika saa na somo lililokuwa mezani. Wiki mbili za maandishi hayo zitakuonyesha kama shida ni hesabu, njaa, au siku baada ya kuzungumza na ndugu zake wa damu.

MamaWawili_Houston
Nimeelewa dada. Kesho naanza na barua ya kuomba jalada na simu ya mtaalamu wa matamshi.