MJADALA: Chakula kikipanda bei, serikali ipange bei au iachie soko?

Mizani: Wadau, swali ni hilo hapo juu. Msimamo wangu: bei iachwe, serikali ishike ghala. Weka bei kikomo ya 80 wakati kulima na kusafirisha kunagharimu 90, uone kama mzigo utatoka shambani. Wa kwanza kujitoa ni mkulima wa mbali, maana nauli ndiyo inayomla. Kisha gunia linabaki na jina lile lile huku uzito umepungua. Mwisho mali inauzwa kwa mlango wa nyuma kwa 130, kwa sababu muuzaji anaongezea na gharama ya kukamatwa. Ujerumani Magharibi waliliona hili Juni 1948: sarafu mpya ilitoka tarehe 20, Ludwig Erhard, aliyesimamia uchumi huko, akafuta udhibiti wa bei nyingi, na bidhaa zilizokuwa zimefichwa zikarudi madukani karibu mara moja. Anayetetea bei elekezi hajui hesabu. Hata Singapore ilitajirika kwa sababu serikali ilikaa pembeni.

KauliThabiti: Mkuu, hiyo sentensi ya mwisho ifute. Singapore ardhi karibu yote, kama 90%, ni ya serikali. Sheria ya kutwaa ardhi ni ya 1966. Wakazi wanane kati ya kila kumi wanaishi kwenye nyumba za shirika la umma, HDB, lililoundwa 1960. Serikali iliyokaa pembeni haijengi nyumba za taifa zima.

Mizani: Nilimaanisha biashara. Bandari huria, ushuru mdogo wa forodha.

KauliThabiti: Hukuandika biashara, uliandika serikali. Huwezi kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

BintiHesabu: Na mimi limenikera lile la "hajui hesabu". Hesabu tunazijua, kaka. Erhard hakufuta bei zote: kodi za nyumba, makaa ya mawe na vyakula vya msingi vilibaki chini ya udhibiti. Bei zilizoachiwa zilipaa mpaka wafanyakazi wakagoma kwa mamilioni tarehe 12 Novemba mwaka huo huo. Ukitaja Juni, taja na Novemba.

Mzalendo77: Marekani kwenyewe Rais Nixon alifunga bei na mishahara, 1973, na hakuna aliyemwita mjamaa.

BintiHesabu: Ni 1971, ndugu yangu, 15 Agosti, kwa siku 90. Ile ya 1973 ilikuwa mara ya pili, na ndiyo iliyoharibu: wafugaji waliona chakula cha kuku kinazidi bei ya kuku, wakaangamiza vifaranga. Kwa hiyo mfano wako unamsaidia Mizani.

Msafirishaji: Tumeliacha ghala, na ndiko kwenye kazi. Serikali inanunua bei ikishuka chini ya sakafu, inauza ikivuka dari. Makosa ni matatu. Nafaka inaingia ikiwa na unyevu zaidi ya 13 au 14%, kuvu inaota, na sumukuvu ikishaingia haiondoki kwa kuanika tena. Pili, mzigo mpya unapangwa mbele ya wa zamani, wa nyuma unaozea humo. Tatu, na hili ndilo kubwa: sakafu na dari zikikaribiana mno, mfanyabiashara hahifadhi tena. Faida yake ni tofauti ya bei kati ya mavuno na kiangazi. Ukiifuta, anakuachia mzigo wote wa kuhifadhi, na mtaji wako hautoshi. Baraza la Kimataifa la Bati liliishiwa fedha Oktoba 1985 likinunua bati kutetea bei, na biashara ya bati ikasimamishwa kwenye soko la metali la London.

Mizani: Msafirishaji, hayo nayakubali, dari ikae mbali na sakafu. Ila KauliThabiti hajajibu: hizo nyumba za Singapore si zinauzwa? Zinanunuliwa na kuuzwa tena kwa bei ya soko. Basi ni soko.

KauliThabiti: Soko ndani ya uzio. Unachonunua ni haki ya kukaa miaka 99. Fedha zinatoka kwenye akiba ya lazima, CPF: mfanyakazi asiyezidi miaka 55 anakatwa 20% ya mshahara, mwajiri anaongeza 17%, na mnunuzi analipia nyumba kutoka humo. Serikali imeshika ardhi, akiba na ujenzi. Bei ya kuuziana imeachwa.

BintiHesabu: Hapo ndipo tofauti na kufunga kodi za nyumba. Kodi ikifungwa bila kujenga, mwenye nyumba anaacha kukarabati paa, na mpangaji hahami hata kazi ikihamia mji mwingine, kwa kuogopa kuipoteza ile bei.

Mzalendo77: Miaka 99 ikiisha?

KauliThabiti: Inarudi HDB, bila malipo. Ndiyo maana nyumba iliyobakiza miaka 40 haikopesheki kama yenye 80, na matumizi ya CPF kuinunua yanabanwa kama miaka iliyobaki haimfikishi mnunuzi umri wa 95.

Mizani: Basi huyo hakununua nyumba. Amelipa kodi ya miaka 99 kwa mkupuo.

KauliThabiti: Kodi gani hiyo unayoweza kumuuzia mwenzako kwa faida?