Madevelopa acheni kusingizia simu, app inauliwa na picha mliyoitupa kwenye folda ya drawable

Wakuu, hili sasa limezidi. Mteja ananunua simu mpya yenye kioo cha 1440 x 3200, anapakua app, anaifungua, inakrashi palepale. Akilalamika anajibiwa simu yake ndiyo mbovu. Anayejibu hivyo hajafungua logcat, daftari la matukio na makosa ya Android! Angeifungua angekuta mstari wa Canvas: trying to draw too large, yaani picha ni kubwa mno kuchorwa, na papo hapo baiti 165888000. Hebu tuipigie hesabu hiyo namba.

Picha ya mandharinyuma ya 1080 x 2400 imetupwa kwenye res/drawable, folda ya picha isiyotaja densiti, yaani msongamano wa pikseli za kioo. Android inaichukulia kuwa ya mdpi, yaani dpi 160 (pikseli 160 kwa inchi). Simu ya dpi 640 inaikuza mara 4 upana na mara 4 urefu, inakuwa 4320 x 9600. Kila pikseli inakula baiti 4. Zidisha, namba ni ileile, kama MB 166. Kikomo cha kawaida cha bitmap moja, yaani picha iliyofunguliwa kwenye RAM, ni MB 100, kwa hiyo app inakufa. Kwenye simu ya dpi 480 inakuzwa mara 3, inafika kama MB 93 na kuponea chupuchupu: inachelewa kufunguka, inaganda, RAM imeliwa, ila haikrashi. Ndiyo maana mtu anaapa "mbona kwangu inafanya kazi".

Halafu kuna wa "faili lenyewe ni KB 200 tu". Ndugu, WebP, aina ya faili la picha lililobanwa, inapunguza uzito wa APK (faili la kusakinisha app), haipunguzi RAM. Picha ikishafunguliwa kinachohesabiwa ni pikseli.

Hamishia picha hiyo folda ya drawable-nodpi. Haitakuzwa tena, itashuka hadi MB 10 na ushee. Ni kukata na kubandika, basi! Ikoni zifanyeni vekta, michoro ya mistari badala ya pikseli. Picha ya kamera ya 4000 x 3000 ni MB 48, na bado watu wanazipanga nzima nzima kwenye orodha ya vijipicha. Weka inSampleSize 4, mpangilio unaoifungua picha ikiwa robo ya upana na robo ya urefu, itabaki MB 3.

Na kisingizio cha kukosa hela ya simu kali sikikubali. Chomeka simu yoyote uliyonayo kwenye kompyuta, tumia adb (zana ya kuiamuru simu kutoka kompyuta) kuandika adb shell wm density 640 ili ijifanye ya dpi 640, ifunge app kabisa kisha uifungue upya. Kama ni ya kufa itafia hapo mezani kwako badala ya mkononi mwa mteja. Ukimaliza, irudishe ilivyokuwa: adb shell wm density reset.

Kukwamakwama kwenye vioo vya 120 Hz ni kesi nyingine. Hapo kila fremu ina milisekunde 8.3, nusu ya zile za 60 Hz. Kwenye Settings za simu gonga Build number mara 7, ingia Developer options, washa Debug GPU overdraw. Penye nyekundu pamepakwa rangi juu kwa juu mara 4 au zaidi. Toa background (rangi ya nyuma) kwenye layout za ndani, yaani mipangilio ya skrini iliyo ndani ya mingine, hadi wekundu uishe, ndipo mje kuilaumu GPU, chipu ya kuchora picha.