MREJESHO: Mkopo wa halmashauri, kikundi chetu cha mawese Mwandiga

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza hapa kama ni kweli kikundi cha akina mama lazima kitoe "hela ya fomu" ndipo kipate mkopo wa halmashauri. Mlinijibu kwa moyo, nami narudi kuwashukuru.

Tulienda wenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hakuna hela ya fomu! Aliyetudai alikuwa dalali tu. Dada yule afisa alitueleza taratibu: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hii, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Mwenzetu Mama Zawadi alimuuliza mara mbili, "Hata shilingi?" Hata shilingi.

Tulichokwama ni majina. Mwenzetu mmoja kitambulisho cha NIDA kinasema Anastazia, muhtasari wa kikao tuliandika Anasta. Tumeuandika upya, tukasaini mmoja mmoja, mikono bado ina rangi ya mawese.

Maombi yameshapokelewa. Tunaomba mashine ya kukamulia, maana kutwanga kwenye kinu kunatumaliza mabega. Wakijibu nitawaambia.