Kupe kakaa sikioni mwa mbwa bila mbwa kujikuna: mate yake yana nini?

BabaChui

Habari zenu wakuu.

Jana nilikuwa namkagua mbwa wangu, Chui. Ndani ya sikio la kushoto nikakuta kupe jike keshavimba, rangi ya kijivu, ukubwa wa kucha ya kidole changu cha mwisho. Nilimtoa kwa kibano, nikamweka juu ya karatasi nyeupe na kumtazama kwa kioo cha kukuzia. Mdomoni ametoka na kitu cheupe, kigumu kama gamba, na kipande kidogo cha ngozi kimeng'ang'ania hapo.

Mbu akiniuma mara moja tu nawashwa usiku mzima. Chui amekaa na mdudu huyu siku kadhaa na sikumwona hata mara moja akilikuna lile sikio. Halafu mimi nikijikata, damu inaganda baada ya dakika chache. Huyu amenyonya siku zote hizo pale pale na damu haikuganda. Je, anapiga ganzi? Ni kitu kimoja au ni vingi?

Tumaini_Maabara

BabaChui, si ganzi tu, na wala si kitu kimoja. Nimefanya kazi maabara miaka miwili na kazi yangu ilikuwa kukusanya mate ya kupe, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Tulikuwa tunamlaza kupe chali juu ya utepe wa kunata, tunauingiza mdomo wake kwenye mrija wa kioo mwembamba kama sindano, halafu tunamdondoshea dawa iitwayo pilokapini ili tezi za mate zifunguke. Unakaa unamtazama kwenye hadubini. Polepole mate yanaanza kupanda kwenye mrija, maangavu kabisa, na mara nyingi hayafiki hata tone moja. Ndani ya hicho kidogo kuna protini za aina mamia.

Lile gamba jeupe nalo ni mate. Kupe wa mbwa ana mdomo mfupi, usiozama sana. Akishauma anatoa protini zinazoganda na kuwa gundi ngumu kuuzunguka mdomo. Ndiyo maana ngozi ilikuja nayo.

Sasa kuwasha. Ngozi ikijeruhiwa, seli zake zinamwaga histamini, na hiyo ndiyo inayowasha na kuvimbisha. Mbu hana hasara, kwa sababu ukianza kujikuna yeye keshaondoka. Kupe jike anahitaji kama wiki nzima mahali pamoja, na akikunwa ndiyo mwisho wake. Basi mate yake yana protini za jamii ya lipokalini, zenye umbo la kikombe. Histamini inadumbukia humo na kunaswa kabla haijafanya kazi yake. Zilielezwa mwaka 1999 kutoka kwa kupe wa sikio la ng'ombe, Rhipicephalus appendiculatus, na kikombe kimoja kina nafasi mbili za kunasia. Kuna kupe wengine ambao mate yao yana kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kinachokata bradikinini, ile inayoleta maumivu. Kwa hiyo badala ya kuulaza mshipa wa fahamu, anazizuia habari zisifike kwake.

Damu nayo, kupe anaikatiza safari ya kuganda zaidi ya mahali pamoja. Kimeng'enya kimoja cha mate, apirasi, kinavunja ADP, kemikali ambayo chembe sahani (zile chembe za damu zinazoziba jeraha) huitumia kuitana kwenye kidonda. Protini nyingine zinaziba vimeng'enya vya kugandisha vyenyewe. Moja ya kupe laini Ornithodoros moubata, iliyotangazwa mwaka 1990, ina asidi amino 60 tu, lakini ikikishika kimojawapo cha hivyo vya kugandisha, kiitwacho Xa, hakifurukuti.

Na jambo moja ambalo watu hushtuka nikiwaambia: sehemu kubwa ya maji ya ile damu anayarudisha ndani ya mbwa kwa njia ya mate hayo hayo, yeye anabaki na kilicho kizito. Vimelea vilivyo kwenye tezi zake vinapita njia hiyo hiyo.

mzee_wa_zizi

Binti, ahsante sana. Mimi nafuga ng'ombe. Masikioni karibu kila mara nakuta jike mkubwa na dume mdogo wamebanana, nikadhani ni kupandana tu. Halafu nina ng'ombe wawili ambao kupe wao hubaki wadogo na kudondoka mapema. Mbona kwa hao mate hayafui dafu?

Tumaini_Maabara

Shikamoo mzee. Macho yako yameona vizuri. Dume wa kupe wa sikio ana protini katika mate zinazoshika kingamwili za mnyama, na jike anayekula karibu na dume anashiba vizuri zaidi. Anamsaidia mwenzake kula. Hili lilinifurahisha kuliko yote niliyosoma.

Kuhusu ng'ombe wako wawili: mwaka 1939 William Trager alionyesha kwamba simbilisi waliokwisha kuumwa na kupe wachanga, wakiumwa tena, kupe wanashiba kidogo na wengi wanashindwa kabisa. Mwili ulikuwa umeyatambua mate. Seli za kinga zinafika mapema pale penye mdomo, histamini inamwagwa nyingi kuliko vikombe vya kuinasa. Asili ya ng'ombe nayo inachangia sana. Zebu, wale wenye nundu, wanawamudu kupe kuliko ng'ombe wa asili ya Ulaya. Kupe naye hatulii: mchanganyiko wa protini wa siku ya kwanza si ule wa siku ya tano, kwa hiyo kinga inajikuta inafukuza kitu kilichokwisha kubadilishwa.

BabaChui

Dada, umenifungua macho. Ila leo asubuhi pale sikioni pamevimba kidogo na Chui ameanza kujikuna. Nimeharibu? Na jirani ananishauri safari nyingine nimpake kupe mafuta ya taa aachie mwenyewe.

Tumaini_Maabara

Hujaharibu. Mabaki ya gundi bado yako ndani ya ngozi, lakini mate mapya hayaji tena, kwa hiyo histamini imepata nafasi. Osha kwa maji na sabuni, acha pajifunge penyewe. Mafuta ya taa usiyatumie: yanachoma ngozi ya sikio, na muda wote unaosubiri aachie, mate yanaendelea kuingia. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumkamua tumbo, kama ulivyofanya jana. Chui akipata homa au akikataa kula wiki hizi mbili tatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie ulimtoa kupe lini.