Tupeane uzoefu: ulipoomba toba ukahisi Mungu yuko mbali

Mwimbaji wa Alto: Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na kwa Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili iliyopita, wakati wa ungamo la dhambi mwanzoni mwa ibada, niliyatamka maneno yote pamoja na usharika, mchungaji akatangaza msamaha, nami nikakaa bila kusikia chochote moyoni. Waliopita njia hii watueleze ilikuwaje.

Mkulima wa Mbozi: Nilikaa hivyo Kwaresima nzima, dada.

Mama wa Kagera: Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu swali hili limenirudisha mahali pazito. Baada ya matanga ya baba yetu, kaka yangu mkubwa aliuza sehemu ya kibanja bila kutushirikisha, nami nikatamka mbele ya ukoo kwamba hata akifa sitakanyaga msibani kwake. Miaka ilipita bila salamu. Nilifunga, nilikesha, niliwekewa mikono, lakini kila tulipofika katika Sala ya Bwana mahali pa kuwasamehe waliotukosea, ulimi ulikuwa mzito. Kisha usiku mmoja wifi akapiga simu: kaka amepigwa na kiharusi, hawezi kusema. Nilipiga magoti nikafungua Zaburi ya 51, nikafika kwenye maneno "Usinitenge na uso wako", nikashindwa kuendelea, kwa maana niliamini kwamba Mungu alikuwa amenisikia siku ile nilipoapa na sasa ananitimizia. Sijawahi kuogopa kuomba kama usiku ule. Kulipokucha nilipanda basi. Nilimwambia, "Kaka, nimekukosea, naomba unisamehe, nami nimekusamehe." Akageuzia uso ukutani. Nilibaki hapo nikimnywesha uji kwa kijiko mpaka alipofariki, na hakuna ishara yoyote aliyonipa.

Mkulima wa Mbozi: Pole sana, mama. Nimesoma mara mbili.

Mtumishi: Mama, kaka yako alikuwa akificha machozi. Mwanamume wa umri ule hakubali kulia mbele ya dada yake. Amini kwamba alikusamehe.

Mzee wa Kanisa: Mtumishi, usimfariji mwenzako kwa jambo usilolijua. Mathayo 5:24 inatuagiza kwenda kupatana na ndugu, na Warumi 12:18 inasema "Kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wa mama ulitimizwa. Upande wa kaka tumwachie Mungu, bila kuujaza kwa kukisia.

Mtumishi: Mzee, mimi nilitaka kumtia moyo tu. Hata hivyo, nasisitiza kwamba 1 Yohana 1:9 inatosha: tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki. Tusiwatwike watu mzigo wa kuzunguka kwa wanadamu kabla ya kuamini kwamba wamesamehewa.

Mkatoliki wa Moshi: Kwangu mimi, kuzunguka huko ndiko kulikoniponya. Nilijiungamia mwenyewe chumbani kwa muda mrefu, na kila asubuhi niliamka nikijiuliza kama kweli nilisamehewa. Nilipokwenda kwenye kitubio na kusikia padri akitamka maondoleo kwa sauti, nilipata neno lililotoka nje ya kichwa changu, ambalo hofu yangu haikuweza kulibadilisha.

Mtumishi: Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu, 1 Timotheo 2:5.

Mkatoliki wa Moshi: Naye huyo mmoja aliwaambia mitume, katika Yohana 20:23, kwamba watakaowaondolea dhambi wameondolewa.

Mzee wa Kanisa: Hapa hata sisi Walutheri tunasahau yaliyo yetu. Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la mwaka 1530, katika ibara ya 11, linataka ungamo la siri lidumu kanisani. Dada wa alto anaweza kumwendea mchungaji wake wiki hii, akalitaja lile linalomsumbua, akatangaziwa msamaha yeye peke yake.

Mjukuu wa Mlokole: Bibi yangu alikuwa wa uamsho, ule uliotoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda na kufika kwetu. Wao waliungama mbele ya ushirika, tena waliokuwa wameiba walirudisha mali kwa wenyewe. Nadhani tumepoteza kitu kikubwa tulipoacha.

Asiyetaka Kujulikana: Naomba tusilihimize jambo hilo kwa kila mtu. Katika ushirika mmoja niliousali, binti aliungama asubuhi na jioni habari yake ilikuwa sokoni. Hajarudi kanisani. Ungameni kwa mtu anayejua kutunza siri.

Mkulima wa Mbozi: Mimi nilisaidiwa na jambo dogo: niliacha kupima moyo wangu kila baada ya sala. Yule mtoza ushuru wa Luka 18, aliyemwomba Mungu rehema, alirudi nyumbani amehesabiwa haki, na hatuambiwi alijisikiaje njiani.

Mwimbaji wa Alto: Neno hilo nimelishika. Nitamwendea mchungaji.

Mgeni: Nauliza kwa heshima: je, kama uliyemkosea amekwisha kufariki? Baba yangu alizikwa kabla sijamwomba msamaha.

Mkatoliki wa Moshi: Peleka nia ya misa kwa ajili yake, nawe uungame.

Mtumishi: Mwambie Mungu peke yake. Marehemu hana la kukujibu.

Mama wa Kagera: Mwanangu, mimi nilimwendea mjane wa kaka, nikamsimulia niliyotamka mbele ya ukoo. Aliniambia kwamba msamaha wake yeye ananipa, ila wa mumewe hawezi kuusemea. Nilimshukuru kwa ukweli huo. Kibanja kilichobaki tunakilima pamoja, na Sala ya Bwana sasa naisema hadi mwisho. Mama yako kama yu hai, anza na yeye.