Theluji ya Jumamosi: sentimita 5 au 30?

Wakuu, utabiri umebadilika mara tatu tangu jana: 30, ikawa 10, sasa "5 hadi 20". Joto litacheza kati ya nyuzi 0 na 1. Nishike lipi?

Jibu: Tatizo ni hiyo sifuri. Kwa kipimo cha kawaida, milimita 10 za maji hutoa sentimita 10 za theluji. Karibu na sifuri theluji huwa nzito, imejaa maji, unaambulia 5 tu. Kwenye baridi kali maji yaleyale hufika 15 na zaidi. Tazama pia joto la mita 1,500 juu: hewa ya huko ikizidi sifuri, theluji huyeyuka njiani, ikashuka kama mvua na kuganda ikigusa lami iliyo chini ya sifuri. Hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Jibu: Nyongeza. Mkanda wa theluji nzito ni mwembamba. Njia ya dhoruba ikisogea kilomita 50 tu, wewe unabaki na mvua. Namba moja ya kwenye simu haikuonyeshi hilo. Tafuta utabiri unaorudiwa mara nyingi kwenye kompyuta, kila mara ukianza na vipimo tofauti kidogo vya hali ya hewa. Wa ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, hurudiwa mara 50. Matokeo yakitawanyika, jiandae kwa kiwango cha juu.

Muulizaji: Asanteni. Chumvi ya kuyeyusha barafu nimwage usiku wa Ijumaa?

Jibu: Ikianza na mvua, itasombwa yote. Subiri mvua igeuke theluji, kisha nyunyiza kidogo kabla theluji haijashikana. Chini ya nyuzi -9 hivi chumvi ya kawaida haisaidii sana, tumia mchanga.