Farasi wa kukodisha: mweupe, mwekundu wa miguu myeusi, au wa mabaka?

Kato_Gaba (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Nina kijibiashara cha farasi hapa pembeni ya Kampala. Wikendi watoto wanazungushwa uwanjani, na msimu wa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya utambulisho nyumbani kwa bibi harusi, bwana harusi anaingia akiwa juu ya farasi huku wajomba wakisukumana kupiga picha. Niliye naye amezeeka, namtafutia mwenzake. Mfugaji mmoja upande wa Naivasha, Kenya, amenionyesha watatu kwa simu, picha zao nimeziweka hapa. Wote madume waliohasiwa, na bei zinapishana kidogo tu.

Wa kwanza ni "mweupe", ila karatasi yake imeandikwa wa kijivu. Miaka 11, manyoya meupe pe, pua na kope nyeusi. Mpole sana kwenye video.

Wa pili ni mwekundu, singa na mkia mweusi, miguu kuanzia magotini kushuka myeusi. Kipajini ana nyota ndogo. Miaka 8, urefu viganja 16, alikuwa akikimbia mashindano pale Ngong.

Wa tatu ni wa mabaka ya kahawia na meupe. Uso wote mweupe toka kipajini hadi midomoni, jicho moja la buluu, miguu yote minne ina soksi ndefu nyeupe. Miaka 7, viganja 14. Binti yangu ameshampa jina.

Mke wangu anataka mweupe kwa sababu wateja wa harusi wanauliza mweupe. Mimi moyo uko kwa wa mabaka. Rafiki yangu anasema rangi haiendi shambani, nichukue wa pili nilale usingizi. Wenye uzoefu semeni.

Saisi_Mstaafu (Gilgil)

Karatasi iko sawa, bwana Kato. Farasi wa kijivu hazaliwi hivyo. Anazaliwa mweusi, mwekundu au kahawia, kisha kila mwaka nywele nyeupe zinaongezeka hadi amekuwa unavyomwona. Njiani hupitia kipindi cha madoa ya duara mapajani, wengine uzeeni hutokwa na vidoa vyekundu mwili mzima. Ngozi lakini inabaki nyeusi. Mmwagie maji mgongoni utaiona kwa chini. Mweupe wa kuzaliwa, mwenye ngozi ya waridi kila mahali, ni adimu kweli.

Wa pili usimchanganye na mwekundu mtupu. Mwekundu mtupu hana unywele mmoja mweusi: singa zake ni nyekundu kama mwili, au zimepauka kuelekea dhahabu. Wauzaji wanawachanganya kwenye matangazo kila siku, halafu mnyama anafika mpakani na karatasi haifanani naye.

Ila mimi ningeuliza urefu kwanza. Kiganja kimoja ni sentimita 10.16, na kipimo huishia juu ya mabega, kichwa hakihesabiwi. Viganja 16 ni kama sentimita 163. Utamwinua mtoto wa miaka mitano hadi huko mara ngapi kwa Jumamosi moja? Huyo wa 14 ni sentimita 142, yuko chini ya mpaka wa 148 wanaohesabia farasi wadogo. Kwa watoto ndiye saizi.

Mama_Mapambo (Ntinda)

Kaka Kato, mkeo anajua soko. Mimi hupamba kwanjula, na bibi harusi akisema farasi anamaanisha mweupe. Nikimwonyesha picha ya mwekundu ananiuliza kama hakuna mwingine.

Sasa nikupe upande ambao mteja haoni. Sherehe iko Mukono, mvua imenyesha alfajiri, udongo ni ule wetu mwekundu. Farasi anashuka kwenye lori akiwa amelalia mavi yake usiku kucha. Kuna baka la njano kwenye paja na jingine kwenye kiwiko cha mguu wa nyuma, na hilo halitoki kwa maji matupu. Nimemwona saisi amepiga magoti na ndoo, sabuni na tone la bluu ya kufulia, anasugua paja la farasi huku wageni wenye kanzu na gomesi wanaanza kuingia getini. Saa nzima! Mwekundu angepigwa brashi dakika kumi akawa tayari.

Kwa hiyo ukichukua mweupe, gharama ya mtu wa kumwosha iweke kwenye bei yako. Usije ukaiona baadaye.

Dkt_Ziwani (Entebbe, daktari wa mifugo)

Naomba niwatoe kwenye manyoya niwapeleke kwenye ngozi, maana huko ndiko pesa inakopotelea.

Farasi wa kijivu. Jeni inayomfanya awe mweupe ndiyo hiyo hiyo inayomwekea hatari ya uvimbe mweusi wa saratani ya ngozi. Chanzo chake, kipande cha jeni kilichojirudia, kilitambuliwa mwaka 2008. Wengi wa farasi wa kijivu waliovuka miaka 15 wanao, inatajwa zaidi ya asilimia 70. Mara nyingi hukua polepole na mnyama anafanya kazi miaka mingi bila shida, lakini uvimbe ukiota pabaya, mfano kuzunguka njia ya haja, ni balaa. Huyo ana 11. Kabla ya kulipa, mtu ainue mkia na kupapasa chini yake, kisha midomo, kisha pale taya linapokutana na sikio, kisha ala ya uume. Vinundu vigumu vyeusi, hata vidogo kama punje ya mahindi, vinashusha bei. Wala visikufanye umkimbie kama ni viwili vitatu.

Wa mabaka. Chini ya kila baka jeupe kuna ngozi ya waridi isiyo na kinga ya jua. Mgongoni manyoya ni mazito, si tatizo kubwa. Puani na kuzunguka macho manyoya ni machache, na sisi ikweta inapita hapo Kayabwe. Pua hiyo itaungua, itatoa magamba, itapasuka. Kope za waridi zikikaa juani miaka na miaka zinaweza kuota saratani ya aina nyingine. Jicho la buluu lenyewe linaona sawasawa na lenzake, watu wasikutishe, ingawa mwanga mkali humsumbua zaidi.

Vitabu vya Ulaya vitakwambia farasi wa pua ya waridi alishwe jioni na usiku, mchana akae bandani. Hapa kwetu ushauri huo una mtego. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, na usubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Ukimtoa usiku ili kumkwepesha jua, unampeleka kwa usubi. Farasi akishikwa na ule wa mapafu anaweza kufa ndani ya siku chache, povu likimtoka puani. Kwa hiyo huyu wa tatu mchana anahitaji kivuli cha kweli, barakoa ya uso na mafuta yenye zinki puani, na usiku banda lenye wavu mwembamba. Chanjo ipo, na hiyo ni ya wote watatu, rangi haihusiki.

Mzee_wa_Bihogo (Kiruhura)

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu Ankole ng'ombe ana jina kwa rangi yake, na bihogo, yule mwekundu aliyekolea, ndiye mzee anajivunia. Huyo wa pili akija kwangu ningempokea kama bihogo, basi tu yeye hana pembe.

Swali langu kwa saisi. Zamani nilisikia kwa mzungu mwenye shamba kwamba mguu mweupe una kwato laini, eti farasi wa miguu minne myeupe usimnunue. Kuna ukweli?

Saisi_Mstaafu

Mzee wangu, shikamoo. Hilo nimelisikia tangu nikiwa kijana wa kubeba ndoo. Ni kweli kwamba soksi nyeupe ikifika hadi kwenye kwato, kwato nayo hutoka nyeupe au ya mistari. Lakini ugumu ni ule ule. Anayewapigilia farasi viatu ukimfumba macho hatajua ipi nyeusi. Kwato huharibiwa na chakula kibovu, kuchelewa kukatwa, na kusimama kwenye tope.

Tope ndilo lenye neno na soksi nyeupe. Ngozi ya waridi juu kidogo ya kwato ikilowa kutwa, hushika magamba na vidonda. Msimu wa mvua Buganda si mfupi. Asiwe mtu wa kuosha miguu kila jioni halafu anairudisha bandani mibichi. Ikaushwe kabisa, hadi kwenye mkunjo wa nyuma.

Pange_Adui (Arua)

Hakuna aliyetaja nzi? Huku West Nile tumezoea vitambaa vya buluu vya kunasia mbung'o kando ya mito, kwa sababu mbung'o hufuata buluu na nyeusi. Kwa pange, wale nzi wakubwa wanaouma, watafiti wa Hungaria chini ya Gábor Horváth walionyesha mwaka 2010 kwamba farasi weusi na wa kahawia huwavuta kuliko weupe, kwa jinsi mwanga unavyoakisiwa na manyoya meusi. Na mwaka 2019 watafiti huko Uingereza wakawavisha farasi nguo za milia ya pundamilia, nzi wakashindwa kutua vizuri. Kwa hiyo mweupe ana pointi hapo.

Dkt_Ziwani

Ana pointi ya starehe, nakubali. Farasi asiyepiga teke nzi ni farasi salama kwa mtoto. Lakini Kato asinunue mweupe akidhani amenunua kinga ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mbung'o hufuata pia pumzi na harufu ya mnyama, na mmoja mwenye vimelea anatosha. Farasi huumia na nagana kuliko ng'ombe wa Mzee.

Kato_Gaba

Ahsanteni sana. Nimempigia mfugaji jioni hii, akainua mkia wa wa kwanza mbele ya kamera. Kuna kinundu kimoja, saizi ya njegere, upande wa kushoto. Wa tatu tayari ana magamba mekundu puani, na ni Naivasha tu, bado hajafika huku.

Naanza kumwelekea wa pili. Ila nawaza watoto, na ule urefu.

Saisi_Mstaafu

Wa pili tatizo lake si urefu peke yake. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba kelele za watu maana yake kimbia. Kwanjula ina ngoma, vigelegele, mwavuli unaofunguka ghafla, MC na spika. Kabla hujalipa, mpelekee vijana wenye ngoma. Wapige mbali, wasogee. Akiinua kichwa, akatazama, kisha akarudi kula, mchukue. Akianza kucheza na miguu na kutoa jasho shingoni, mwachie mwenyewe hata akipunguza nusu bei. Jaribio hilo mfanyie na wa kwanza.

Mama_Mapambo

Na kinundu cha njegere hakionekani kwenye picha za harusi, nasema tu.

Dkt_Ziwani

Dada, hapo sikupingi. Kinundu kimoja katika miaka 11, mnyama mpole, pua nyeusi, ngozi nyeusi: kwa kazi ya Kato mimi ningemchukua huyo na ningedai punguzo. Daktari wa Naivasha akipime na kukipiga picha na rula pembeni, ili baada ya miezi sita tulinganishe.

Nakalema_Busia (wakala wa forodha)

Yeyote utakayemchagua, kibali cha kuingiza mnyama kitoke Wizara ya Kilimo pale Entebbe kabla lori halijawashwa, na cheti cha afya kitoke kwa daktari wa serikali upande wa Kenya. Watu huanza na lori, wakafika kwangu wanalia.

Kingine ni mchoro. Karatasi ya farasi huwa na picha ya mistari ya mnyama pande zote, na daktari huchora humo alama: nyota, mstari wa usoni, doa la kati ya matundu ya pua, soksi imeishia wapi. Nyeupe huchorwa kwa kalamu nyekundu. Vile vizingo vya manyoya, pale nywele zinapozunguka kipajini na shingoni, huwekwa alama ya X. Kwa farasi wa kijivu vizingo ndivyo vya maana zaidi, kwa sababu nyota aliyozaliwa nayo imeshamezwa na weupe, haionekani tena. Kama ana chipu shingoni, namba isomwe mbele yako na ilinganishwe.

Kato, mwambie mfugaji akupigie picha za farasi kushoto na kulia, mbele na nyuma, farasi akiwa amesimama kwenye saruji. Zile ulizoweka hapa nyasi zimeficha miguu yote, sioni hata kama kwato zao ni nyeusi.